Kuwekeza katika kampuni ya intaneti ya setilaiti inaporusha setilaiti yake ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwekezaji mdogo, yaani mtu anayeweka akiba yake mwenyewe katika hisa na ambaye hana mshauri wa kumpigia simu kila bei inaposhuka. Mfano unaorudiwa zaidi ni wa Avanti Communications ya London, ingawa kampuni nyingine zitatajwa pale zinapofundisha jambo ambalo Avanti haikulipitia.

Kwa nini Avanti, na si kampuni iliyo maarufu leo?

Kwa sababu safari yake tunaijua tangu mwanzo hadi pale wanahisa walipolipa gharama, na mtu anaweza kuitazama bila kupofushwa na matumaini. Avanti ilikuwa kampuni ndogo iliyoorodheshwa kwenye AIM, soko la London la kampuni zinazokua, ambalo masharti yake ni mepesi kuliko ya soko kuu. Setilaiti yake ya kwanza, HYLAS-1, ilirushwa tarehe 26 Novemba 2010 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Sehemu ya gharama ilitoka kwa Shirika la Anga za Juu la Ulaya, lililochangia euro milioni 34. Mitambo ya mawasiliano ilitengenezwa na Astrium, na kiunzi cha setilaiti kikatoka kwa Shirika la Anga la India. Kwa mwekezaji wa mwaka ule, hii ilikuwa kampuni yenye teknolojia ya kweli na washirika wenye majina, tena yenye soko la wazi: watu wa vijijini Ulaya ambao nyaya za simu hazikuwafikishia intaneti ya kasi. Hakuna lililokuwa la uongo katika maelezo hayo, na ndiyo maana mfano huu una thamani. Hasara iliyofuata haikutokana na utapeli.

Usiku wa kurusha, mwekezaji anangoja nini hasa?

Anangoja mambo mengi kuliko ule moto unaoonekana kwenye skrini. HYLAS-1 iliondoka saa 3:39 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ndani ya roketi ya Ariane 5 ambayo haikuibeba peke yake. Abiria mkubwa alikuwa Intelsat 17, aliyekaa juu, nayo HYLAS-1 ilikuwa chini yake. Kwa hiyo kampuni ndogo ililazimika kusubiri mkubwa ashushwe kwanza, na ni baada ya takriban nusu saa ya safari ndipo setilaiti yao ilipoachiwa.

Hata hapo kazi ilikuwa ndiyo inaanza. Roketi huiacha setilaiti katika njia ya duaradufu, kisha setilaiti yenyewe huwasha injini yake mara kadhaa, kwa siku kadhaa, mpaka ifike kwenye kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta, mahali ambapo inazunguka sambamba na dunia na hivyo kuonekana kama imesimama. Mabawa ya kukusanya umeme wa jua yanapaswa kufunguka, antena nazo zikunjuke, na baada ya hapo hufuata majuma ya majaribio kabla mteja wa kwanza hajaunganishwa. Zile siku za mwanzo HYLAS-1 iliongozwa na wahandisi walioketi Hassan, katika jimbo la Karnataka nchini India. Biashara yenyewe ilianza mwaka 2011. Mwekezaji aliyefungua shampeni usiku wa Novemba alikuwa amesherehekea hatua ya kwanza tu kati ya nyingi.

Ninunue hisa kabla ya kurushwa au baada?

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili muda mfupi zaidi. Roketi iliyokwisha kuzoeleka hufanikiwa mara nyingi zaidi kuliko inavyoshindwa, na wanunuzi wote wanalijua hilo, hivyo matumaini ya mafanikio huwa yamekwisha kuingizwa katika bei kabla ya siku yenyewe. Anayenunua juma moja kabla ananunua nafasi ya kupata faida ndogo endapo mambo yatakwenda sawa, huku akibeba hasara kubwa endapo yataharibika. Anayenunua asubuhi ya pili ananunua pamoja na umati uliofurahi.

Jambo la maana zaidi ni chombo gani kinachobeba mzigo na kina rekodi gani. Awali HYLAS-1 ilipangwa kupanda Falcon 9 ya SpaceX wakati roketi hiyo ilikuwa haijaruka hata mara moja. Mwaka 2009 Avanti iliihamishia kwa Arianespace, kampuni inayorusha roketi za Ariane. Hata aina ile ya Ariane 5, yenye nguvu zaidi, ilishindwa katika safari yake ya kwanza mwezi Desemba 2002, lakini kufikia 2010 ilikuwa na miaka mingi ya safari salama. Kuhama kulikuwa uamuzi wa busara, na mwanahisa aliyekuwa makini angeuhesabu kuwa habari nzito kuliko makisio yoyote ya mapato.

Setilaiti ikilipuka, si bima italipa?

Bima hulipa thamani ya kifaa. Hailipi miaka miwili au mitatu ya mapato yatakayokosekana wakati setilaiti nyingine inatengenezwa, wala haiwarudishi wateja waliochoka kusubiri. Pia ni lazima kujua bima ipi inahusika na saa ipi. Tarehe 1 Septemba 2016, roketi ya Falcon 9 iliyobeba Amos-6 ya kampuni ya Spacecom ya Israeli ililipuka kwenye jukwaa huko Cape Canaveral wakati wa kujazwa mafuta kwa ajili ya jaribio, siku mbili kabla ya tarehe ya kurushwa. Bima ya kurusha huanza roketi inapowashwa ili iondoke, na hapa ilikuwa haijawashwa. Iliyohusika ikawa bima ya mzigo ulio safarini.

Tukio hilo lilitugusa na sisi. Facebook na kampuni ya setilaiti ya Eutelsat walikuwa wamekodi sehemu ya Amos-6 ili kupeleka intaneti katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, na siku ile ile Mark Zuckerberg alikuwa Nairobi. Spacecom ilipoteza setilaiti, mkataba huo, na pia mnunuzi wa kampuni nzima, kwa kuwa kampuni ya Kichina ya Xinwei ilikuwa imekubali kuinunua kwa sharti kwamba Amos-6 ifike salama na ianze kazi. Hisa zake katika soko la Tel Aviv zilianguka vibaya. Kwa hiyo unaposoma kwamba setilaiti imekatiwa bima, uliza ni mikataba mingapi mingine inayoning'inia kwenye kamba hiyo hiyo moja.

Ikifika angani salama, hatari ya kiufundi imekwisha?

La. Mwisho wa Aprili 2023 Viasat ilirusha ViaSat-3 ya kwanza, setilaiti kubwa iliyokusudiwa kuhudumia bara la Amerika, kwa Falcon Heavy kutoka Florida. Urushaji ulikwenda vizuri. Mwezi Julai kampuni ikatangaza kwamba antena kubwa haikukunjuka ipasavyo, na kwa siku moja hisa zikapoteza zaidi ya robo ya thamani yake. Baadaye ilibainika kwamba setilaiti ingetoa chini ya asilimia kumi ya uwezo uliotarajiwa, na Viasat ikadai bima ya dola milioni 421. Zaidi ya miezi miwili ilipita kati ya shangwe na tangazo hilo.

Basi pesa inapatikana wapi?

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Setilaiti ya mawasiliano inafanana na jengo la kupangisha ambalo limejengwa kwa mkopo, lina vyumba idadi maalumu, haliwezi kuongezwa ghorofa, na litabomoka baada ya miaka 15 au zaidi kidogo. Gharama karibu zote zimelipwa au kukopwa kabla mpangaji wa kwanza hajaingia. Faida haitokani na kujenga, inatokana na kujaza vyumba, kujaza haraka, na kwa kodi inayolipa mkopo. Kila mwezi ambao nusu ya uwezo wa setilaiti haina mteja ni mwezi uliopotea katika maisha ya mashine isiyoweza kufanyiwa ukarabati.

Sasa tazama kilichotokea siku 30 tu baada ya HYLAS-1. Tarehe 26 Desemba 2010 Eutelsat ilirusha KA-SAT, ikiwa na miale 82 iliyoelekezwa katika maeneo madogo madogo ya Ulaya na kandokando ya Mediterania, na uwezo wa jumla wa takriban gigabiti 70 kwa sekunde. HYLAS-1 ilikuwa ndogo mara nyingi kuliko hiyo. Kampuni ndogo iliyojivunia kuanza mapema ilipata mwezi mmoja wa kuwa mbele, kisha ikajikuta inauza bidhaa ile ile kando ya duka kubwa lenye bidhaa tele na mfuko mrefu. Haya hayakuwa siri, kwani tarehe za urushaji wa washindani hutangazwa miaka kadhaa kabla. Mwekezaji aliyekuwa akihesabu siku za Avanti peke yake alikuwa akitazama kalenda moja kati ya mbili.

Afrika Mashariki ilikuwa na nafasi gani katika mpango huo?

Nafasi kubwa. HYLAS 2, iliyotengenezwa na Orbital Sciences ya Marekani na kurushwa tarehe 2 Agosti 2012, iliwekwa kwenye nyuzi 31 Mashariki, yaani juu ya ikweta kusini magharibi mwa Uganda. Fundi wa Bukoba au wa Kisumu aliyefunga dishi lake hakulielekeza kwenye upeo wa macho kama alivyozoea kwa baadhi ya setilaiti za televisheni. Alilielekeza karibu utosini. Kwa shule au zahanati iliyo mbali na mji ilikuwa huduma ya maana, isipokuwa pale mvua ya masika iliposhuka kwa nguvu, kwa sababu masafa ya juu yaitwayo Ka, ambayo setilaiti hiyo iliyatumia, hudhoofishwa sana na matone makubwa na mawimbi yake hukatika kwa muda.

Ila makisio ya kibiashara yalikuwa yamepitwa na wakati. Kabla ya 2009 pwani yetu haikuwa na mkongo wa baharini wa kuiunganisha na dunia, na setilaiti ilikuwa njia ya lazima, ghali mno, kwa benki, vyuo na vibanda vya intaneti. Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa, SEACOM ukatua Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka uliofuata EASSy nao ukaanza kazi. Bei za jumla zikaporomoka, kisha kampuni za simu zikasambaza minara. Setilaiti iliyobuniwa wakati wa uhaba ilifika wakati wa mavuno. Mteja aliyebaki alikuwa yule wa mbali zaidi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kulipa. Aliyeishi hapa na kuona nyaya zikifukiwa kandokando ya barabara alikuwa na taarifa bora kuliko mchambuzi aliyeketi London, na hilo nalisisitiza kwa kila Mswahili anayedhani hana cha kumzidi mtaalamu wa ng'ambo.

Kampuni inasema imekwisha kusaini mikataba ya mamilioni. Je, hiyo si dhamana?

Mkataba ni ahadi ya kulipa, na ahadi ina uzito wa yule aliyeahidi. Soma ni nani aliyesaini, kwa miaka mingapi, na kama amewahi kulipa hata awamu moja. Avanti ilikodisha setilaiti yake ya Artemis kwa Wizara ya Ulinzi ya Indonesia, malipo yakakwama, na ilichukua mpaka mwaka 2018 kupata uamuzi wa usuluhishi uliotaja kiasi cha dola milioni 20. Kwa kampuni tajiri hilo ni usumbufu, ila kwa kampuni inayohesabu fedha taslimu kwa miezi ni jambo la kufa na kupona. Nikisoma taarifa ya fedha, naanza na mtiririko wa fedha taslimu kutoka shughuli za biashara, kisha ndipo narudi kwenye mapato.

Kupungukiwa umiliki ni nini, na kunaniumizaje?

Tuseme una hisa 1,000 katika kampuni yenye hisa 100,000, kwa hiyo unamiliki asilimia moja. Kampuni inahitaji fedha za setilaiti ya pili na inatoa hisa mpya 100,000. Wewe bado una hisa zako 1,000, hakuna aliyekuibia, lakini sasa unamiliki nusu ya asilimia. Endapo hisa hizo mpya zimeuzwa kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia wewe, unaumia mara mbili.

Kampuni za setilaiti hupita njia hii karibu zote, hata zile zinazofanikiwa. AST SpaceMobile ya Texas, inayotaka kuunganisha simu za kawaida moja kwa moja na setilaiti, ilirusha setilaiti yake kubwa ya majaribio, BlueWalker 3, tarehe 10 Septemba 2022, na mwezi Novemba antena yake ya mita za mraba 64 ikakunjuka vizuri. Kwa upande wa uhandisi lilikuwa jambo la kupongezwa. Muda mfupi baadaye kampuni iliuza hisa mpya kwa dola 5.50, mwezi Juni 2023 kwa dola 4.75, na Januari 2024 kwa dola 3.10. Miezi michache baada ya hapo, habari za mikataba na kampuni kubwa za simu zilipandisha bei mara nyingi zaidi ya hapo. Aliyenunua siku ya shangwe ya kwanza alikaa zaidi ya mwaka mmoja katika hasara, na wengi waliuza wakiwa chini kabisa. Kwa kampuni ya namna hii, uliza fedha zilizopo zinatosha miezi mingapi, na setilaiti ngapi bado hazijalipiwa. Jibu likiwa kwamba fedha zitaisha kabla ya mapato kuanza, basi toleo jipya la hisa liko njiani hata kama hakuna aliyelitangaza.

Na deni?

Deni ndilo lililoimaliza thamani ya wanahisa wa Avanti. HYLAS 2 ilijengwa kwa mikopo iliyotolewa kwa msaada wa mashirika ya kukuza mauzo ya nje ya Marekani na Ufaransa. Mwaka 2013 kampuni ikauza hati fungani, yaani hati za mkopo zinazonunuliwa na wawekezaji, za dola milioni 370 kwa riba ya asilimia 10, na baadaye nyingine zikaongezwa juu yake. Asilimia kumi kwa mwaka, kwa dola, ni riba ya kampuni ambayo wakopeshaji wanaiogopa. Setilaiti hazikujaa kwa kasi ya kuilipa riba hiyo. Mwaka 2018 wenye hati fungani walikubali kufuta deni la dola milioni 557, na badala yake wakachukua asilimia 92.5 ya kampuni. Wanahisa wa zamani, wakiwemo waliokuwepo tangu usiku wa Kourou, walibaki na asilimia 7.5 wote kwa pamoja. Mwaka huo huo, tarehe 5 Aprili, HYLAS 4 ilirushwa salama salimini.

Rudia kusoma tarehe hizo. Setilaiti zilikwenda juu bila ajali huku umiliki ukihama kwenda kwa wakopeshaji. Mwenye hati fungani hulipwa kwanza, mwenye hisa hupata kinachosalia, na katika biashara yenye deni kubwa mara nyingi hakisalii kitu.

Setilaiti za kimo cha chini zimebadilisha hesabu hizi?

Zimebadilisha huduma zaidi ya zilivyobadilisha hesabu. Mawimbi yanayopanda kilomita 35,786 na kurudi huchelewa zaidi ya nusu sekunde kwa swali na jibu lake, na mtu anayeongea kwa video huhisi hivyo. Setilaiti za Starlink hupita kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, na uchelewaji huo karibu unatoweka. Upande wa gharama, hata hivyo, setilaiti za chini huzunguka dunia nzima, hivyo unahitaji mamia au maelfu yake kabla ya kumpa mteja mmoja huduma isiyokatika, na huchakaa baada ya miaka michache.

OneWeb ilirusha sita zake za kwanza tarehe 27 Februari 2019, pia kutoka Kourou. Tarehe 21 Machi 2020 ikarusha nyingine 34, na siku sita baadaye ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi nchini Marekani, ikiwa na setilaiti 74 angani. Serikali ya Uingereza na Bharti ya India waliinunua kwa dola milioni 500 kila mmoja. Setilaiti ziliendelea kuzunguka na kampuni ikaendelea na kazi, lakini mtaji wa wamiliki wa kwanza ulikuwa umeteketea.

Mtu ameniletea "hisa za Starlink" kwenye kundi la WhatsApp. Ninunue?

Usinunue. Starlink ni biashara iliyo ndani ya SpaceX na haina hisa zake yenyewe. Hisa yoyote hununuliwa kupitia dalali aliyesajiliwa na mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi anakofanyia kazi, na kabla hujatuma hata shilingi unapaswa kulitafuta jina lake kwenye orodha ya mamlaka hiyo. Ukikubali picha ya cheti iliyotumwa kwa simu, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kama bado nataka kuwekeza, nianzie wapi?

Anza na taarifa ya mwaka ya kampuni, na uifungue kwenye ukurasa wa madeni kabla ya ukurasa wenye picha ya roketi. Andika kwenye karatasi tarehe ambazo deni linaiva. Pembeni yake andika tarehe ambayo setilaiti inatarajiwa kuanza kuingiza fedha, kisha isogeze mbele mwaka mzima, kwa kuwa ucheleweshaji katika kazi hii ni wa kawaida. Kama deni linaiva kabla ya tarehe hiyo uliyoisogeza, mwamuzi wa thamani ya hisa zako atakuwa mkopeshaji. Chini yake orodhesha setilaiti na nyaya za washindani zitakazofika eneo lile lile katika miaka mitatu ijayo. Karatasi hiyo ikiisha kujazwa, utaona kwamba siku ya urushaji imechukua mstari mmoja.